Mtoto wa Ganzhou alibakiza siku ngapi?

Kitu cha kwanza nilichokitafuta kwenye ile picha ya yai la dinosaria ni kichwa. Ndiyo mazoea ya kazi yetu ya ukunga. Ukiweka mikono kwenye tumbo la mama mjamzito unajiuliza kichwa kiko wapi, mgongo umelalia upande gani, na kilichotangulia chini ni nini. Mengine yanafuata. Picha aliniletea mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayesoma jiolojia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), ambaye Jumapili huja kwangu Nkuhungu akidai kunisalimia, kumbe amefuata mlenda.

"Shikamoo mamdogo. Hebu mwangalie huyu, maana wewe ndiye mtaalamu wa watoto waliojikunja."

Nikamwangalia. Mifupa midogo ndani ya yai lililogeuka jiwe, ganda limevunjika upande mmoja kwa hiyo unamwona ubavuni. Kichwa kimeinamia tumboni, miguu imekizunguka huku na huku, mgongo umepinda ukifuata ile ncha butu ya yai. Nikamwambia, "Huyu bado bado." Sikuwa nimesoma hata neno moja la maelezo. Mpwa akacheka sana, akasema wataalamu wenyewe wanabishania hilohilo.

Basi wakawa wamenipata. Tangu siku hiyo, nikitoka zamu ya usiku badala ya kulala nasoma habari za dinosaria.

Huyu mtoto wamempa jina la Baby Yingliang, kwa heshima ya makumbusho anakotunzwa. Alitoka Ganzhou, jimbo la Jiangxi, kusini mwa China. Yai lake lina urefu wa kama sentimita 17, na yeye mwenyewe ukimnyoosha kutoka kichwani hadi mkiani anazidi sentimita 20. Mwamba alimotoka una miaka kati ya milioni 66 na milioni 72, yaani dinosaria walikuwa wanaelekea ukingoni. Yai lilifika mwaka 2000 mikononi mwa mkurugenzi wa kampuni moja ya mawe ya ujenzi, likawekwa stoo, likakaa huko zaidi ya miaka 10. Ni pale walipokuwa wanaandaa makumbusho yao ndipo wakapekua masanduku, na mtu mwenye macho akaona vifupa vinachungulia penye ufa. Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi penye stoo hatashangaa. Ripoti ya kisayansi ilitoka Desemba 2021, wakiongoza Lida Xing wa Beijing na Waisum Ma, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Birmingham kule Uingereza.

Aina yake ni oviraptorosaria: wanyama wenye manyoya, mdomo mgumu kama wa kasuku, na katika kundi lake hawana meno. Ni ndugu wa karibu wa ndege. Shikeni hilo la meno, nitalirudia.

Kwa nini wamemshangilia hivyo? Mayai ya dinosaria yaliyogeuka mawe yapo mengi duniani, Ganzhou kwenyewe ni mengi mno. Lakini ukilipasua, mara nyingi ndani ni mchanga na udongo mtupu. Likiwa na mtoto, mara nyingi vifupa vimetawanyika, huwezi kujua alilalaje. Na mimi hilo naliona ni la kawaida kabisa. Aliyewahi kumshika mtoto mchanga kichwani anajua ile mifupa haijaungana, inateleza chini ya vidole. Sehemu kubwa ya kiunzi cha mtoto ambaye hajatoka bado ni gegedu, na gegedu haisubiri hata mwaka, sembuse miaka milioni 66. Huyu wa Ganzhou kila kifupa kipo mahali pake. Lazima tope au mchanga ulimfunika upesi, na ganda likamkinga na wadudu na wanyama.

Sasa nije kwenye kuku.

Nafuga kuku wa kienyeji, na mbegu nilitoa nyumbani Singida. Hapa Dodoma ukisema kuku ni wa Singida hata mteja habishani bei. Tetea akimaliza kuangua, siku ya 21 au 22, anaondoka na vifaranga wake na nyuma anaacha mayai mawili matatu. Majirani zangu wanayatupa nyuma ya ua. Mimi nayapasua. Harufu yake siwezi kuisimulia, na mume wangu ameshanipangia mahali pa kufanyia shughuli hiyo, mbali na jiko. Lakini yai viza linasema mambo mengi. Lingine halikupata jogoo. Lingine lilianza likakatika mapema, unaona mishipa ya damu tu. Halafu kuna lile linaloniuma: kifaranga kamili, manyoya yamejaa, kiini karibu chote kimeshaingia tumboni, alibakiza kutoka tu. Huyo ndiye namwangalia kichwa.

Kifaranga anayejiandaa vizuri, siku chache za mwisho huinua kichwa na kukipitisha upande wa kulia, akakificha chini ya bawa, mdomo umeelekea kwenye ile nafasi ya hewa iliyopo kwenye ncha butu. Hapo anatoboa utando, anavuta hewa ya kwanza, ndipo anaanza kugonga ganda. Asipogeuka, kichwa kikabaki katikati ya mapaja, wengi wao hawatoki. Nimewakuta hivyo wakiwa wamekufa.

Lakini hapa ndipo pa kusimama vizuri. Siku ya 17 hivi, kichwa katikati ya mapaja si kasoro. Ndipo mahali pake. Kila kifaranga hupita hapo. Mkao uleule siku ya 17 ni afya, siku ya 21 ni msiba. Ukinionyesha picha ya kifaranga bila kuniambia ni cha siku ya ngapi, hujanionyesha kitu.

Kazini kwetu ni vilevile. Mtoto aliyetanguliza matako kwenye wiki ya 28 simhangaikii, atageuka mwenyewe. Wiki ya 38 tunaanza kuzungumza kwa sauti nyingine. Kwa hiyo swali la kwanza kliniki ni hedhi ya mwisho ilikuwa lini, na hapo ndipo penye kazi, kwa sababu kina mama wengi wa vijijini huku hawahesabu kwa kalenda ya ukutani. Wanahesabu kwa shamba. "Nesi, nilikuwa napalilia uwele." "Mvua ya kwanza ilikuwa imeshanyesha, tumeshapanda karanga." Mmoja wa kijiji chenye mizabibu aliniambia, "Ni baada ya zabibu za Agosti, hela ilikuwa bado ipo." Na mimi nakaa nageuza hayo kuwa wiki. Halafu napima tumbo kwa futikamba, nalinganisha. Aliyepigwa ultrasaundi mapema ananirahisishia, ila wengi huja mimba imeshakuwa kubwa, na hapo hata mashine inakupa makisio tu.

Sasa mwone Waisum Ma na wenzake na lile yai lao. Wamemchukua mtoto wa Ganzhou wakamlinganisha na kifaranga wa siku 17, wakakuta mkao unafanana: mgongo kwenye ncha butu, kichwa chini, miguu kandokando. Wakasema basi zile hatua za kifaranga kugeuka kabla ya kutoka hazikuanza na ndege, zilianza kwa dinosaria. Mtoto wa mamba, ambaye naye ni wa ukoo huohuo kwa mbali, hazifanyi. Hoja nzuri. Ikawa habari ya dunia nzima.

Wengine wakaja kupinga, na wao ni wajuzi wa mayai na viinitete, yaani watoto ambao bado wanaumbika ndani ya yai. Walichosema, kwa lugha yangu, ni kwamba mmempa mimba kubwa kuliko aliyonayo. Ukimpima alivyokomaa na alivyolijaza yai, mtoto huyu alikuwa bado mbali na kuanguliwa, kwa hiyo ule mkao si maandalizi ya kutoka. Ni mkao wa kawaida wa kiinitete chenye shingo ndefu kilichofungiwa mahali padogo.

Mimi niko upande wa hao wa pili, na nimemwambia mpwa wangu hivyo. Kati ya mgongo wa yule mtoto na ncha ya ganda bado kuna nafasi. Kifaranga anayetaka kutoka hana nafasi, amebanana, unaona hata ganda limemwachia alama. Hata hivyo siapi. Wenyewe waliomchunguza waliandika kwamba sehemu ya mwili bado imefunikwa na mwamba, na walipanga kumpiga picha za mashine zinazopenya jiwe. Kumpima mtoto kwa upande mmoja wa tumbo kisha ukaandika kwenye kadi kwamba uchungu ni wiki ijayo, kwangu hiyo ni haraka.

Kuna njia nyingine ya kupata umri, na hii ilinikosesha usingizi kwa uzuri wake. Jino la mtoto linapokua ndani ya yai huongeza utando mwembamba kila siku, na ukilikata na kuliweka chini ya darubini unahesabu mistari siku kwa siku. Mwaka 2017 Gregory Erickson na wenzake walihesabu hivyo kwenye meno ya viinitete vya dinosaria wawili. Protoceratops, ambaye mayai yake si makubwa sana, alikaa ndani ya yai karibu miezi 3. Hypacrosaurus, yule mkubwa mwenye mdomo wa bata, karibu miezi 6. Miezi sita! Kuku ni siku 21, mbuni ni kama siku 42. Fikiria mnyama anayelinda kiota miezi sita, mvua ije iishe, wezi wako kila upande.

Sasa ndiyo mkumbuke lile la meno. Mtoto wa Ganzhou hana hata moja. Kalenda ambayo wenzake walizaliwa nayo mdomoni, yeye hakupewa, kwa hiyo ubishi utaendelea.

Mifupa nayo hutunza hesabu, ila ni kwa walioshatoka. Kule Utah, Marekani, mwaka 2009, mwanafunzi wa sekondari aitwaye Kevin Terris aliona kipande cha mfupa kimejitokeza chini ya mwamba, mahali ambapo wataalamu walikuwa wamepita karibu yake siku chache kabla. Akawa ni mtoto wa dinosaria aitwaye Parasaurolophus, karibu mzima, wakamwita Joe. Walipokata mfupa wa mguu wakakuta hauna hata duara moja la mwaka, kama yale ya shina la mti. Hajatimiza mwaka, na tayari ana karibu mita 2. Sisi kwenye kliniki ya watoto tungekosa mzani.

Kuna habari moja ya ukoo wa oviraptor, ule wa mtoto wa Ganzhou, ambayo lazima niisimulie, maana ni ya mama, na ilinikera. Mwaka 1923 Wamarekani waliokuwa wakichimba Mongolia walikuta kiunzi cha mnyama juu ya kiota cha mayai. Wakaamini mayai ni ya Protoceratops, kwa sababu ndiye aliyejaa eneo lile. Basi huyu wa juu anafanya nini hapo? Anaiba. Mwaka 1924 Henry Fairfield Osborn akampa jina rasmi la Oviraptor, yaani mwizi wa mayai, na dunia ikamchora kwenye vitabu vya watoto akikimbia na yai mkononi. Osborn mwenyewe aliandika kwamba huenda jina hilo linamwonea, lakini jina likabaki. Ikapita karibu miaka 70. Mwaka 1993, Mongolia hukohuko, timu ya Mark Norell ikapata yai la aina ileile likiwa na kiinitete ndani, na kiinitete ni cha jamii ya oviraptor. Mayai yalikuwa ya kwao! Wakapatikana na wengine wamekaa juu ya viota, mikono imefunika mayai, wamekufa hivyohivyo.

Wodini kwetu mtoto akipata shida, kabla hata daktari hajafika utasikia mawifi na mama mkwe nje ya mlango: alikula nini, alibeba nini, alikwenda wapi. Mzazi ndiye wa kwanza kushtakiwa. Sasa huyu alikufa kwenye kiota chake, akashtakiwa, akahukumiwa, na kanuni za wanasayansi za majina hazimruhusu kubadilishiwa jina hata baada ya kuonekana hana kosa. Ganzhou nako, mwaka 2021 ilitangazwa habari ya mmoja aliyekomaa aliyekutwa amelalia mayai yasiyopungua 24, na baadhi yana watoto ndani. Walikuwa wakitaga mawili mawili kwa mpigo, kwa sababu walikuwa na mirija miwili ya mayai inayofanya kazi. Kuku wangu anatumia mmoja tu, wa kushoto. Huwa nawaza kuhusu huo uchungu wa mayai mawili ya sentimita 17.

Nikamuuliza mpwa, sisi Dodoma tutachimba wapi tumpate wa kwetu?

"Mamdogo, hapa utapata kokoto."

Akanieleza kwa ramani za GST, taasisi ya jiolojia ya Tanzania, ambao makao yao yako hapahapa mjini. Hii miamba ya Dodoma, yale mawe makubwa tunayoyaona kila tukiinua macho, mengi ni ya miaka zaidi ya bilioni 2.5. Dinosaria wa kwanza kabisa hawafiki hata miaka milioni 250. Yaani umri wa mawe yetu ni zaidi ya mara kumi ya muda uliopita tangu dinosaria waanze, na isitoshe ni mawe yaliyopoa kutoka kwenye uji wa moto chini ya ardhi. Hakuna kiota kinachopona humo.

Lakini Tanzania watoto tunao, na hawa ndio wananishangaza kwamba hatuwataji. Wote tunajua mjusi wa Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba pale kati ya 1909 na 1913, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, lakini waliochimba hasa na kubeba ni watu wetu kwa mamia, wakiongozwa na msimamizi wao Boheti bin Amrani. Mifupa ikabebwa begani na kichwani hadi bandari ya Lindi. Lile jitu lenye kimo cha zaidi ya mita 13 limesimama Berlin, na bungeni hapa Dodoma limeulizwa mara kadhaa: lirudi, lisirudi, tunapata nini. Wakati huohuo, kwenye shimo mojawapo la Tendaguru ulipatikana mrundikano wa mifupa ya mnyama mdogo wa kutembea kwa miguu miwili, mla majani, ambaye mtaalamu Hans Virchow alimpa jina la Dysalotosaurus mwaka 1919. Wapo wadogo na wakubwa, wa rika mbalimbali, na kutokana nao wataalamu wamefuatilia jinsi mnyama mmoja wa miaka milioni 150 iliyopita alivyokua tangu utotoni. Fuvu la mmoja wa watoto hao lilielezwa kitaalamu mwaka 2010. Kwangu mimi shimo hilo ni rejesta nzima ya kliniki ya watoto. Mbunge wangu akitaka swali la nyongeza, aulize la hao.

Na Singida, kwetu, tuna kitu. Si dinosaria, ni wa baadaye. Mahenge ya Singida (siyo ile ya Ulanga, Morogoro) palikuwa na ziwa dogo ndani ya shimo lililoachwa na mlipuko wa volkano, miaka kama milioni 46 iliyopita, dinosaria wakiwa wameshaondoka miaka milioni 20. Tope lake lilikuwa laini, likahifadhi samaki, vyura, hata popo mmoja aliyeitwa Tanzanycteris, ambaye sikio lake la ndani ni kubwa kiasi cha kuwafanya wataalamu waamini alikuwa tayari anaruka usiku kwa kusikiliza mwangwi. Samaki wake, Mahengechromis, ni wa jamii ya sato na perege, na ni miongoni mwa wa kale kabisa wa jamii hiyo wanaojulikana duniani.

Nikampigia dada yangu nimweleze. Akasikiliza mpaka mwisho, ndugu yangu, kwa adabu zote. Akauliza kama hao perege wa mawe wako upande wa barabara ya Sepuka au ule mwingine. Nikamwambia mwulize mwanao, mimi nimezoea kuku. "Haya," akasema, "na hao kuku umeshawachanja kideri? Maana huku kimeingia."